Kisahani cha Mwalimu Aidan

Barua kutoka Dar es Salaam ilifika Mbinga siku ya Alhamisi, mkononi mwa dereva wa basi, ikiwa na alama ya dole gumba lenye oili. Inspekta Urbani Kinunda aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Alikuwa ameingoja siku thelathini na nane, na sasa ilikuwa na mistari minne.

Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe wa tumboni kwa marehemu Mwalimu Aidan Chiwangu wa Lituhi kilikuwa saratani. Tena siyo saratani ya tumbo. Ilikuwa aina ile ile iliyokuwa kooni mwake. Mkemia kwa upande wake hakukuta sumu yoyote ndani ya tumbo. Alikuta mrututu kidogo juu ya ngozi, basi.

Konstebo Tadei, aliyekuwa akisoma kupitia bega la mkubwa wake bila kuombwa, alipiga makofi mara moja.

"Kesi imekwisha, afande. Mjane wa watu aende kwake."

"Imekwisha wapi?" Urbani alikunja barua. "Hapa imeandikwa ni ugonjwa wa kooni. Haikuandikwa ulifikaje tumboni. Wewe ukiwa ndugu wa marehemu, utauliza nini?"

Tadei alifikiri. "Nitauliza nani kauhamisha."

"Ndiyo swali tutakalokutana nalo Lituhi keshokutwa. Na mimi sina jibu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu Aidan, mstaafu wa shule ya msingi na mwimbishaji wa kanisa la Anglikana, alianza kwa sauti kukwaruza, akamalizia kwa kushindwa kumeza hata maji. Hospitali ya misheni huko milimani ikamwekea mpira wa kulishia tumboni, juu kidogo ya kitovu. Kwa miezi saba mkewe, Hedwiga, alimlisha uji kupitia mpira ule, nyuma ya pazia, mlango umefungwa. Mwalimu hakutaka mtu aone mwanaume anavyokula kwa tumbo. Kwa hiyo hakuna aliyeona. Alipofariki, wanaume wa ukoo wakaingia kumwosha, wakafunua shuka, na pembeni ya mpira wakakuta uvimbe mkubwa kama pera, umepasuka, ngozi kuuzunguka ikiwa ya bluu. Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika hadi kwenye mitumbwi ziwani.

Mazishi yalisimamishwa, daktari wa wilaya akaitwa kupasua mwili na kuchukua vipande vya kupima. Chini ya kitanda polisi walikuta chupa ya mrututu, dawa ya bluu ambayo wakulima wa kahawa hunyunyizia mibuni. Lituhi hakuna mibuni. Hedwiga alikuwa Mmatengo wa Mbuji, mtu wa milimani, Mkatoliki kati ya Waanglikana, na hakuwa amezaa. Kaka wa marehemu, Othmar Chiwangu, aliandikisha maelezo kwamba shemeji yake alipandikiza kitu kupitia mpira. Jioni hiyo hiyo bati la nyumba ya mwalimu lilipigwa mawe, polisi wakamchukua mjane kwenda Mbinga "kwa usalama wake." Neno zuri hilo. Lilimlaza mwanamke asiye na shitaka kwenye stoo ya kituo cha polisi kwa siku thelathini na nane.

Jumamosi ilikuwa arobaini. Ukoo ungekaa, na Othmar alikwishatangaza litakaloamuliwa: Hedwiga atoke kwenye nyumba, na barua ya ukoo mzima ipelekwe kwa hakimu.

*

Hedwiga alikuwa uani kwa kituo akifagia. Tangu aletwe alifagia kila asubuhi, akachota maji, akafua hata mapazia ya kituo. Alipojaribu kupika, askari walishukuru kwa adabu na kwenda kula mgahawani. Hakuna aliyesema kwa nini. Hakujaribu tena.

"Shikamoo mama," Urbani alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Wote wawili walikuwa Wamatengo, na wangeweza kuongea kwa lugha ya nyumbani. Urbani alishikilia Kiswahili ili Tadei aandike kila neno. Tayari kulikuwa na maneno Lituhi kwamba inspekta anambeba mtu wa kwao.

"Uvimbe uliuona lini?"

"Mwezi wa nne tangu awekewe mpira. Ulianza kama kipele."

"Ukamwambia nani?"

"Mwalimu alinikataza kumwambia mtu. Lakini nilipanda hospitalini peke yangu, nikamweleza sista. Akasema ni nyama inayozidi, huwa inaota kwenye kidonda cha mpira. Nipake mrututu, itakauka."

"Sista gani?"

"Gaudiosa. Wa chumba cha upasuaji."

"Kwenye maelezo yako ya kwanza hukumtaja."

"Aliyeandika aliniuliza kama mrututu ni wangu. Nikasema ni wangu, nimeutoa kwa kaka yangu Mbuji. Hakuuliza zaidi."

Urbani alimtazama Tadei. Tadei alitazama daftari.

"Uji alikuwa anapika nani?"

"Mimi."

"Kuna mtu mwingine aliyewahi kuugusa?"

"Nani aguse? Walikuwa wanasalimia mlangoni na kuondoka." Aliegemeza ufagio ukutani, akaenda kwenye ndoo, akachota kikombe cha maji ya kumpa mgeni. Kabla ya kukitoa alikunywa funda moja yeye mwenyewe, mbele ya macho yao, ndipo akakinyoosha kwa mikono miwili.

Urbani alikuwa ameiona desturi hiyo tangu utotoni, kwenye pombe za milimani na kwenye togwa za ziwani: mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue hakuna kitu.

"Na uji wa mwalimu, ulikuwa unauonja?"

"Kila mara. Kijiko kimoja changu, halafu wake. Yeye mwenyewe hakutaka nionje, alisema ananiamini. Nilimjibu siyo kwa ajili yake." Aliokota jani lililobaki uani. "Nilijua siku moja nitaulizwa."

Tadei aliandika. Urbani alikunywa maji yote, akamrudishia kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu alimwona yule mama anakosa la kufanya na mikono yake.

"Swali la mwisho. Mpira uliingizwaje? Ulikuwepo?"

Jibu lilichelewa. Hadi hapo alikuwa akijibu mara moja.

"Wanawake tulikaa nje. Ndani alikuwepo shemeji Othmar, kwa ajili ya kutia saini. Muulize sista."

*

Mpira wenyewe ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa lebo: Kielelezo B. Urbani aliumwaga mezani. Alikuwa ameutazama mara kumi na alikuwa hajauona.

Ulikuwa mwembamba kama penseli. Ncha moja ilikuwa na kizibo cha kufungua wakati wa kulisha. Ncha nyingine, iliyokuwa ndani ya tumbo, ilikuwa na kisahani cha mpira mgumu, kipana kuliko sarafu ya shilingi ishirini. Alifungua taarifa ya daktari wa wilaya. Tundu la tumboni: upana wa penseli. Na chini yake, mstari aliokuwa akiuruka kila mara: *Mpira haukuweza kuvutwa nje kwa sababu ya kisahani. Nimeutoa baada ya kufungua tumbo.*

"Tadei, kaninunulie papai bichi."

"Bichi, afande?"

"Gumu kabisa."

Papai lilipoletwa, Urbani alilitoboa kwa penseli. Kisha akajaribu kusukuma kisahani kipite kwenye tundu lile kutoka nje. Hakikupita. Akakikunja, akakibana kwa koleo, akakipaka sabuni. Tundu lilipasuka na utomvu ukammwagikia kwenye suruali. Akageuza papai, akatoboa tena.

"Afande, hilo lilikuwa la kula?"

"Nyamaza. Tundu la tumboni halikuchanika. Daktari anasema lilikuwa nadhifu, upana wa penseli. Basi kisahani hakikuingilia hapa."

"Kiliingilia wapi?"

Urbani alipasua papai nusu kwa nusu, akapenyeza ncha nyembamba ya mpira kutokea upande wa mbegu, akauvuta. Mpira ulitoka nje taratibu hadi kisahani kikagota kwenye nyama ya ndani, kikakaza. Tundu lilibaki zima.

"Kutoka ndani," alisema. "Na ndani ya tumbo la mtu aliye hai ambaye hajapasuliwa, kuna mlango mmoja tu wa kuingilia kwa juu."

Tadei alishika koo lake mwenyewe bila kujijua.

*

Gari la kituo halikuwa na mafuta, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote mwaka ule wa tisini na sita. Ijumaa asubuhi Urbani alipata nafasi kwenye pikapu ya kampuni binafsi ya kununua kahawa, moja ya zile zilizojaa wilayani tangu chama cha ushirika kianze kuyumba. Dereva alimweka nyuma juu ya magunia matupu. Walipanda katikati ya miteremko iliyochimbwa ngolo, vishimo vya kulimia vilivyopangwa mlima mzima, na ukungu ukawafunika hadi hospitalini. Kwa saa mbili hakuwa na mtu wa kusema naye, akarudiarudia maswali yake kichwani.

Sista Gaudiosa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoona mpira mezani hakuuliza ni wa nani.

"Mwalimu wa Lituhi," alisema. "Mwimbaji. Alipoteza sauti, lakini alikuwa anapiga mdundo kwa kidole kitandani."

"Sista, mpira huu uliingizwaje?"

"Hapa tuna njia mbili. Ya kwanza ni kisu: unapasua tumbo kidogo, unaingiza kwa mbele. Ya pili aliileta daktari mgeni. Alikuwa na mpira mrefu wenye taa. Anaupitisha mdomoni hadi tumboni, taa inaonekana juu ya ngozi, hapo anachoma sindano na kuingiza uzi. Uzi unakamatwa kwa ndani, unapandishwa, unatokea mdomoni. Mpira wa kulishia unafungwa kwenye uzi ule. Halafu mwingine anashika uzi huku tumboni, anavuta. Mpira unashuka kooni, unatokeza kwenye ngozi, na kisahani kinabaki ndani kukaza. Hakuna kisu, hakuna mshono mkubwa. Mgonjwa anarudi nyumbani mapema."

"Nani alivuta uzi wa mwalimu?"

"Mimi."

"Ulipita vizuri?"

Sista alivua miwani. "Ulikwama pale kooni, kwenye ugonjwa. Nikaongeza nguvu. Ukapita."

Urbani aliweka barua ya Dar es Salaam mbele yake. Sista alisoma mistari minne, akakaa na karatasi mkononi muda mrefu kuliko mistari minne inavyohitaji.

"Nilimwambia mkewe apake mrututu," alisema. "Alipanda mlima huu peke yake kwa miguu, akanieleza, na mimi nikamwambia ni nyama inayozidi. Sikumwambia amlete nimwone. Niandikie hayo, inspekta. Yaandike kwa jina langu."

"Nitayaandika. Kwanza nipe rejista."

Waliifungua pamoja. Wagonjwa wa saratani ya koo na mdomo waliowekewa mpira kwa njia ya uzi walikuwa tisa. Urbani aliuliza mmoja mmoja, sista akajibu kwa kumbukumbu. Saba hawakuota kitu penye mpira hadi mwisho wao. Wawili waliota: Mwalimu Aidan, na Tadea wa Lipingo. Kisha akauliza waliowekewa kwa kisu. Walikuwa sita, na hakuna aliyeota. Kisha akauliza kama kuna aliyevutiwa uzi bila kuwa na saratani. Alikuwepo mmoja, fundi aliyekunywa maji ya betri kwa bahati mbaya. Alipona, tumbo safi.

"Tisa, wawili tu," Urbani alisema. "Kwa nini siyo wote?"

"Sijui. Hata wenyewe huko ng'ambo sidhani kama wanajua. Ukivuta kitu kupita kwenye kidonda kibichi, kinabeba. Mara nyingi kilichobebwa kinakufa. Mara chache kinashika." Alifunga rejista. "Kwa hawa wawili kilishika. Mimi ndiye niliyevuta wote wawili."

"Hukujua."

"Sikujua. Haipunguzi."

Urbani aliandika hilo pia. Aliuliza juu ya hati ya ridhaa. Sista aliitoa kwenye faili: karatasi moja, njia mbili zimeandikwa kwa Kiswahili, kisu na uzi, na pembeni ya uzi kuna alama ya tiki. Chini yake saini kubwa, ya mtu anayejivunia kuandika. *Othmar B. Chiwangu, kaka wa mgonjwa.*

"Mgonjwa mwenyewe alisemaje?"

"Alikuwa hana nguvu hata ya kushika kalamu. Mkewe alitaka kisu. Alisema kwao Mbuji kuna watu waliopona kwa kisu, na kwamba hapendi huo mpira upite penye ugonjwa." Sista alifunga faili. "Ndivyo alivyosema, kwa maneno hayo. Shemeji yake akamwambia anyamaze, huu ni mwili wa Chiwangu siyo wa Mbuji. Akasema anayepasuliwa tumbo ni samaki, siyo mwalimu."

Urbani alikunja hati ile mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

*

Jumamosi Mkuu wa Polisi wa Wilaya alitoa lita za kutosha kwenda na kurudi, kwa manung'uniko. Hedwiga alikaa kiti cha nyuma, furushi lake mapajani, na Tadei akaendesha. Waliteremkia ziwani na kufuata pwani kwenda kaskazini. Njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi, lakini ilipita Lipingo, na Urbani hakuwa tayari kusimama mbele ya ukoo na rejista peke yake.

Edina, binti wa marehemu Tadea, alikuwa akianika dagaa. Aliposikia neno mpira aliacha kazi, akawavuta mbali na majirani.

"Nani kasema?"

"Hospitali. Mama yako aliota uvimbe?"

"Hapa." Aliweka kidole juu ya kitovu chake. "Kwanza kipele. Halafu ukapasuka. Mimi ndiye niliyemwosha, nilimfunga kitambaa watu wasione."

"Umewahi kumfahamu Hedwiga Chiwangu wa Lituhi? Umewahi kumwona? Umewahi kupokea kitu chochote kutoka kwake?"

"Simjui. Ni nani?"

Urbani alielekeza macho kwenye gari. Edina alitazama kwa muda, kisha akaenda mwenyewe dirishani. Urbani hakumzuia. Alisikia vipande vipande: uji, pazia, mwezi wa nne, harufu. Wanawake wale hawakulia wala kushikana mikono. Walikuwa wanalinganisha, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia, kwa haraka, hadi Tadei akaacha kuandika.

Edina aliporudi uso ulikuwa umembadilika.

"Mwaka mzima nilidhani ni mimi," alisema. "Kwamba kuna kitu nilikosea kukisafisha. Nitakwenda na nyie. Nitasema."

*

Uani kwa marehemu watu walikuwa wamekaa katika pande mbili, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka, sufuria za togwa pembeni, sala imekwisha. Hedwiga aliposhuka kwenye gari, mazungumzo yalikatika. Wanawake waliokuwa karibu na njia walivuta kanga zao. Alitembea hadi ukutani kwa nyumba yake mwenyewe, akasimama hapo, kwa kuwa hakuna aliyemsogezea mkeka.

Othmar Chiwangu alikuwa mzee mrefu, mabega ya mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote. Alimsalimia Urbani kwa heshima na kumpa kiti. Shemeji yake hakumtazama.

"Inspekta, umetuletea jibu?"

"Nimeleta, mzee. Naomba kibuyu cha kuchotea, kilichotobolewa chini kama kipo. Na masizi ya sufuria."

Kulikuwa na minong'ono, lakini vitu vililetwa. Kibuyu hakikuwa na tundu, Urbani akakitoboa kitakoni kwa msumari na kulipanua hadi likawa upana wa penseli. Akaosha mikono yake, akaionesha pande zote. Akapaka masizi ndani ya shingo ya kibuyu, shingoni tu.

"Hapa ni kooni kwa mwalimu. Masizi ni ugonjwa. Huku chini ni tumboni, pasafi. Mzee Othmar, pitisha kidole ukague."

Othmar alipitisha kidole kwenye tundu la chini. Kilitoka safi.

Urbani alifunga uzi kwenye ncha ya mpira, akaudondosha uzi kupitia mdomo wa kibuyu na kuutikisa hadi ukatokeza chini. "Hivi ndivyo mpira ulivyowekwa. Sista wa hospitali ameandika na kutia saini, yeye ndiye aliyevuta." Akavuta. Mpira uliingia mdomoni, ukakwama kidogo shingoni, ukapita, ukachomoza chini ya kibuyu. Ulikuwa mweusi, na ukingo wa tundu ukawa mweusi.

"Rudia kukagua, mzee."

Kidole cha Othmar kilitoka na masizi. Alikitazama.

"Masizi haya nani kayatia huku chini?" Urbani aliuliza. "Mkono wangu mnauona."

Alisoma barua ya Dar es Salaam. Alieleza mrututu na aliyeuagiza. Alieleza uji ulioonjwa kila siku kwa miezi saba na mtu ambaye hadi leo yu mzima. Edina wa Lipingo alisimama bila kuitwa, akawaeleza kuhusu mama yake.

Ndipo mzee mmoja, mjomba wa marehemu, akauliza lile ambalo Urbani alikuwa akiliogopa tangu jana.

"Inspekta, umesema hospitali wana njia mbili. Kisu na hii ya mdomoni. Sasa hii ya mdomoni, nani alituchagulia?"

Urbani alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Karatasi ilikuwepo. Alimwona Othmar, na Othmar alikuwa bado anatazama kidole chake, amekishikilia mbali na nguo, na uso umemwishia damu. Alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu kabla ya wengine.

"Ni marehemu mwenyewe," Hedwiga alisema kutoka ukutani.

Watu wote waligeuka. Tangu ashuke kwenye gari alikuwa hajasema neno.

"Aliogopa kisu. Alinishika mkono akanionesha mdomo wake, hivi. Tulifanya alivyotaka."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi Urbani alikuwa amekamata mashahidi wengi wakidanganya, na alikuwa hajawahi kumwacha hata mmoja. Alimtazama yule mama. Mama hakumwomba kitu kwa macho. Alisimama tu na furushi lake. Urbani alitoa mkono mfukoni, mtupu.

"Ndivyo ilivyo kwenye maelezo," alisema.

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Akasema basi, nyumba ni ya mjane, na asiyekubali aseme sasa. Hakuna aliyesema. Lakini pia hakuna aliyeinuka kumfuata pale ukutani. Aibu iliwakalisha. Walishughulika na mikeka na vikombe, wakatafuta watoto wao, wakamwacha peke yake mita kumi tu kutoka kwao, kama alivyoachwa miezi saba nyuma ya pazia. Urbani alikasirika, na hakukuwa na kifungu cha sheria cha kuwashitaki.

Othmar aliinuka. Alifika mbele ya shemeji yake, akasimama.

"Nina kiu," alisema mwishowe.

Hedwiga aliweka furushi chini. Alikwenda kwenye sufuria ya togwa, wanawake wakampisha, akajaza kikombe. Alirudi, akapiga goti kama inavyompasa mke wa mdogo mtu, na kwa mazoea, bila kufikiri, akakipeleka kikombe mdomoni mwake kwanza.

"Usionje," Othmar alisema.

Hedwiga alimwangalia.

"Usionje, shemeji. Lete hivyo hivyo."

Othmar alikipokea kwa mikono miwili, ule wa masizi na ule safi, akanywa mbele ya ukoo mzima, polepole, hadi mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akarudisha kikombe, na nyuma yake mwanamke mmoja kwenye mkeka akasogea pembeni, akapapasa nafasi iliyobaki wazi.